Paa la Msikiti wa Kifuu

Ilikuwa mwaka tuliokula unga wa njano. Nyinyi mliozaliwa juzi hamuujui. Mahindi ya msaada yale, ugali wake rangi ya kiini cha yai, ukilala mpaka asubuhi unaweza kuzuilia mlango. Mchele ulikuwa wa sikukuu na wa wagonjwa, na watu waliugua sana mwaka ule. Basi mwaka huo ndio niliopanda juu ya paa la msikiti kwa mara ya kwanza, mwanamke kijana, mwembamba, tumbo limejaa ugali wa njano.

Nyinyi wasichana wa kikosi cha chokaa mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Haya, nimeandika. Herufi nilifundishwa ngumbaru, jioni, mikono imebabuka kwa chokaa. Kwa hiyo anayetaka kunisahihisha aanze kwa kuniamkia.

Kwanza msikiti wenyewe, maana kuna watu wanaupita kila siku na hawajawahi kuinua macho. Ukitoka Kariakoo ukavuka Mnazi Mmoja, kabla hujafika mjini kwenyewe, kuna uchochoro, na ndani ya uchochoro, katikati ya maghorofa, ndimo ulimokaa Msikiti wa Kifuu kama bibi kizee kwenye foleni ya vijana. Wazee wa hapo wanasimulia kuwa aliyeujenga alikuwa tajiri wa nazi na pembe, enzi zile Makka yenyewe iko mikononi mwa Mturuki na huku kwetu bendera ni ya Sultani wa Unguja. Tajiri akaenda hija. Akaona misikiti ya Waturuki, makuba yamejipanga kama sufuria zilizofunikwa juani, akarudi na hamu. Akamwita fundi wake. Fundi kuba hajapata kuliona tangu azaliwe. Tajiri akaeleza kwa mikono, akashindwa, mwisho akaingia jikoni akatoka na kifuu cha nazi, akakifunika chini. "Hivi," akasema, "lakini kikubwa."

Fundi naye akakitii kifuu kama kilivyo. Ndiyo maana kuba letu limechongoka kidogo juu na lina migongo mitatu. Hata yale macho matatu ya kifuu yamo, ni matundu yanayoangusha mwanga juu ya mihrabu. Wageni wanaokuja na kamera huambiwa hiyo ni sanaa ya Kituruki. Na ni kweli. Imepitia jikoni tu.

Sehemu nyingine yote paa ni bapa. Kuta ni mawe ya matumbawe, nene, mkono wangu mzima unaingia dirishani bila kutokea nje. Ukumbi una upana wa boriti mbili za mkoko, na katikati kuna safu ya nguzo za kuzipokea, maana mkoko haurefuki kwa kuombwa. Nguzo hizo zinamziba imamu. Waumini wenye kusinzia wanazijua vizuri.

Sasa paa. Juu ya boriti kuna mawe, na juu ya mawe kuna chokaa, udongo mwekundu na kokoto za matumbawe, vimechanganywa na kumwagwa nene. Halafu linapigwa. Hilo ndilo wengi hawalijui. Paa la chokaa halilainishwi kwa mwiko mkaenda zenu. Linapigwa kwa vibao na wanawake waliochuchumaa mistari miwili wakitazamana, wakinyunyiza maji kidogo kidogo, mpaka linatoa jasho, maji meupe yanapanda juu, na kibao kinaanza kulia kama kimegonga chungu. Ukisimama kabla ya jasho, limekwisha. Litapasuka, na mvua itakutafuta.

Mkuu wa wapigaji alikuwa Bi Chausiku. Mwanamke mnene, tambuu shavuni, sauti ya kuita mtu Magogoni akasikia akiwa Kigamboni. Nilimkuta uani kwa msikiti akipepeta kokoto. Nikamwamkia, nikamwambia nataka kazi. Hakuniuliza kama nina nguvu. Alinitazama juu mpaka chini akasema:

"Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, bibi."

"Basi huna kazi hapa. Nenda kagombane, urudi."

Nilifikiri ni kichaa. Nimefika barabarani nikakumbuka yule mpangaji mwenzangu, aliyekuwa akimwaga maji ya kufulia mlangoni pangu na kuniita mvivu. Nikarudi mbio. "Bibi, ninaye mmoja!"

"Mlete," akasema, bila kuacha kupepeta.

Nikamleta. Kesho yake tukakalishwa tukitazamana, yeye mstari ule, mimi mstari huu, kila mtu na kibao chake cha mti wa mkwaju. Hapo ndipo nilipoielewa kazi. Mtu akipiga paa kwa mshahara, mkono unachoka kabla ya jua la saa nne. Akipiga huku anamwimbia adui yake kijembe, hachoki. Mstari huu unaimba, mstari ule unajibu, na vibao vinafuata wimbo. Hakuna anayekubali kusimama wa kwanza, maana ukisimama umeshindwa na watu wameona. Bi Chausiku alipanga watu kwa ugomvi wao kama mwingine anavyopanga matofali. Wenye ugomvi mkubwa aliwaweka karibu na kuba, kwa sababu kwenye kuba ndiko maji hupenda kuingilia.

Imamu wa wakati ule alikuja juu akalalamika. Vijembe juu ya nyumba ya Mungu! Bi Chausiku akamwambia, "Shehe, unataka wimbo mzuri au unataka paa zuri?" Wakapatana: adhana ikianza, kimya, na jina la mtu lisitajwe. Imamu akashuka. Niliona mabega yake yakicheka.

Mengine niliyofundishwa nayaweka hapa kabla sijasahau. Mikono pakeni mafuta ya nazi kabla ya kugusa chokaa, si baada, baada ni kujifariji. Chokaa ikae shimoni na maji yake muda mrefu mpaka iwe laini kama siagi, mwenye haraka akauze vocha. Na msipige mkitazama kibao, tazameni uso wa mwenzenu, kibao kinajua njia.

Mwaka uliofuata mume wangu Ramadhani, aliyekuwa mchukuzi wa magunia sokoni, akaoa mke wa pili. Asha. Mfupi, mweupe wa meno, kicheko kinafika kabla yake. Nililia, nikavunja sahani, nikamaliza. Asubuhi nikaenda kazini uso umevimba. Bi Chausiku akanitazama akafurahi waziwazi, sijapata kuona mtu akifurahi vile.

"Mke mwenza? Kweli? Anaweza kuimba?"

"Bibi, nakuomba!"

"Kuba linavuja mwanangu. Mlete."

Sikumleta. Bi Chausiku alimfuata mwenyewe mpaka Buguruni. Nikapanda juu siku ile nikamkuta Asha amechuchumaa upande wa pili wa kuba, kibao mkononi, meno nje. Nikaanza mimi, sikungoja kupangiwa:

Kaja jana na mkeka, leo ataka kitanda,
Kitanda kina mwenyewe, mgeni lala uwanda.

Mstari wangu ukalipuka. Vibao, pa-pa-pa. Asha akasubiri tumalize, akanyunyiza maji taratibu kama hana haraka na dunia, akajibu:

Kitanda wakiringia, nacho walala mmoja,
Mkeka wangu mdogo, tumebanana pamoja.

Hata wanawake wa upande wangu walicheka. Wasaliti. Nilipiga paa siku ile kama ndilo lililonioa. Tulipiga mpaka kuba likatoa jasho kama mtu mwenye homa, na Bi Chausiku anazunguka nyuma yetu akisema, "Haya, haya, wanangu, chukianeni." Chini barabarani watu walisimama na mizigo yao kichwani kusikiliza. Ramadhani naye alipita na gunia, akasikia, akabadilisha njia.

Kuba lile halikuvuja tena mpaka sisi wote tukapata wajukuu.

Kazi nyingine nilizofanya na Asha ni nyingi, sitazitaja zote. Visima, makaburi, kuta za nyumba za kale kule mjini. Kila mahali tuliwekwa tukitazamana. Sijui ni lini tuliacha kuchukiana, haikuwa siku moja. Nadhani ni alipojifungua mwanawe wa pili na mimi ndiye niliyekuwepo, au nilipougua mimi naye akaninyoa nywele. Ramadhani alipofariki tulikaa eda chumba kimoja. Mpaka leo tunakaa nyumba moja Buguruni, tunakula sahani moja, na akichelewa kurudi sokoni nasimama mlangoni kama askari.

Halafu zikaja zama za saruji. Watu wema walitaka kusaidia msikiti, wakapaka saruji juu ya chokaa, paa likang'aa, kila mtu akashukuru. Wapigaji tukakaa nyumbani. Bi Chausiku alikuwa ameshatangulia, Mungu amrehemu, angekufa mara ya pili. Baada ya miaka kipande kikaanguka safu ya pili watu wakiwa wamesujudu. Hakikumpata mtu, ila mzee mmoja alipiga shahada kwa sauti akijua ndiyo Kiyama, na mpaka leo anataniwa. Tulipoitwa kufungua juu, tulikuta boriti zimelowa na kuoza kama muwa uliotafunwa. Ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kubandua saruji kwa tindo bila kuamsha mawe ya chini. Tuliimaliza. Na hapo ndipo mjukuu wangu Rehema alipoanza kupanda juu nami, naye leo ndiye kiongozi wenu, na nasema bila haya kuwa mkono wake ni mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Mdomo bado.

Sasa niwaambie la mwisho, hata kama wengine mlikuwepo, maana kila mtu analisimulia kwa kujipendelea.

Ghorofa la jirani lilijaza viyoyozi ukutani, na viyoyozi vyote vikawa vinadondosha maji juu ya kuba letu, tone, tone, mwaka hadi mwaka. Ufa ukafunguka kwenye mgongo mmoja wa kifuu. Kamati ya msikiti ikakaa. Mwenyekiti si mtu mbaya, anaogopa kuba lisimwangukie mtu, nami ningemlaumu asipoogopa. Akaleta injinia, msichana wa Kilimanjaro, Mkristo, mtandio chini ya kofia ya kazi. Huyu binti ndiye aliyenieleza kwa nini saruji iliozesha boriti, jambo nililokuwa naliona kwa macho tu bila kulijua: paa linapumua, na saruji inaliziba pua. Akaieleza kamati kuwa kuba linaweza kusimama kama tabaka la juu litaondolewa na kupigwa upya kwa chokaa kabla ya masika. Likishindwa, livunjwe, paa lote limwagwe zege. Mwenyekiti akakubali hivyohivyo. Mangi mwenye duka la jumla chini ya lile ghorofa akawazimisha wapangaji wote viyoyozi, sijui kwa vitisho gani.

Nyinyi mkapanda. Mimi nilikuwa nimeshasema napumzika, magoti. Nilikaa Buguruni nikisubiri habari. Rehema akaja jioni, macho mekundu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Limepasuka?"

Akaanza kulia. Asha akamsogezea kigoda.

"Tumepiga vizuri tu, bibi. Lakini mikono inakufa katikati, kabla ya jasho, linapasuka."

"Mnaimba nini?"

"Tunaweka muziki kwenye simu."

Asha akafunika mdomo. "Na simu ikileta tangazo?"

Kumbe ndivyo: wimbo unakatika, linaingia tangazo la vifurushi, vibao vyote vinasimama, mnangoja.

"Mmegombana na nani kule juu?" nikamuuliza.

"Hatugombani, bibi. Sisi ni marafiki wote. Tuna kikundi chetu."

Nilishakiona hicho kikundi. Mnatumiana mioyo kutwa. "Ndiyo ugonjwa wenyewe huo," nikamwambia. "Chokaa imebaki kiasi gani?"

"Shimo moja tu lililoiva. Likiharibika hili hakuna muda wa kuivisha jingine. Mwenyekiti ameshaongea na watu wa zege, bibi. Wanakuja wiki ijayo."

Nikamtazama Asha. Asha akanitazama magoti. Tukaenda kutafuta vibao uvunguni.

Kesho yake tukapanda ngazi ya muadhini, mimi mbele, Asha nyuma akinisukuma. Wingu lilikuwa limesimama upande wa bahari, zito. Chokaa ya mwisho ikamwagwa, tukakaa pande mbili za kuba kama zamani, nyinyi mkajipanga nyuma yetu, nikafungua kinywa nimtupie mke mwenzangu kijembe. Hakikutoka. Nilimwona yule mwanamke mfupi na mvi zake, aliyeamka alfajiri kunipaka dawa ya magoti, nikaimba kitu kuhusu urembo wa kanga yake. Asha akajibu kuwa kanga yangu ni nzuri zaidi. Vibao vikawa vinagusa chokaa kama vinaibembeleza ilale. Injinia akaangalia wingu, akaangalia sisi, akaangalia chini. Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi, simu mkononi, na nilijua nani atapigiwa.

"Bibi mkubwa na bibi mdogo," Rehema akasema kwa sauti ndogo, "paa linakauka."

Asha akaweka kibao chini. Akajifunga kanga upya kiunoni. Akafumba macho, na bila kunitazama akaimba jambo ambalo hakuwahi kulitamka miaka yote tuliyokaa pamoja:

Mchuzi wake wa maji, samaki aogelea,
Mume akitoka kwake, kwangu ndiko kuhemea.

Eti kuhemea, kutafuta chakula kwake! Vibao vikasimama. Hata Mangi dukani chini nadhani alisimama.

Sasa mnijue. Niite mfupi, niite mzee, niite mweusi kama sufuria, nitacheka. Lakini mchuzi wangu wa samaki umelisha harusi za mtaa mzima. Mashehe wameuramba. Ramadhani aliula mbele yangu akafuta sahani kwa kidole.

"Asha," nikasema, "huo ni wimbo au ni kweli?"

Akatabasamu. Meno yote. Akarudia ubeti.

Nilijibu kwa kibao. Nilipiga lile kuba, wanangu, na upande wangu ukapiga nami, na upande wake ukamsaidia kuimba kwa sauti ya juu kabisa, na ghafla nyinyi wenyewe mkaamka! Kumbe Halima hajarudisha kanga ya Mwanaidi tangu Idi! Kumbe kuna mtu alitolewa kwenye picha! Hayo yote yaliletwa juu ya paa kwa mashairi, mengine hayana hata vina, na hakuna aliyetaka kusimama wa kwanza. Rehema alikuwa analia na kucheka na kupiga. Wapangaji wa ghorofa la jirani walitoka madirishani wakawa wanapiga makofi. Mchuzi ukaimbwa, ukaimbwa, mpaka watu wa barabarani wakawa wanauitikia.

Paa likatoa jasho. Jeupe, kila mahali, mpaka juu ya kuba penye ncha. Kibao changu kikaanza kulia. Injinia akatambaa akagonga huku, akagonga kule, akabonyeza kwa kidole gumba mahali palipokuwa na ufa.

"Limeshika," akasema. Halafu akasema tena kwa nguvu, akimgeukia Mwenyekiti: "Limeshika, mzee! Hili halivunjwi!"

Mwenyekiti akaweka simu mfukoni. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaita watu chini, leteni turubai, bibi hawa wamemaliza, hakuna zege. Tulitandika turubai matone ya kwanza yakidondoka. Watu wakakumbatiana. Halima akamvulia Mwanaidi kanga palepale akabaki na gauni.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini, na mnajua ilivyoisha, ila nataka iandikwe sawasawa. Sisi wapigaji tuna desturi: ukikanyaga ngazi kushuka, lililoimbwa juu limebaki juu, hulidai, hulitaji, chini ni chai na salamu. Nyote mlishuka. Asha akabaki amekaa juu ya ndoo, anapangusa kibao chake, anauvumisha ule wimbo kwa pua. Mimi nikabaki nimekaa kinyume naye. Mwenyekiti akanipa mkono wa kuniinua.

"Bi mkubwa, hongera. Tushuke sasa, mvua hiyo."

"Sishuki mpaka Asha afute maneno ya mchuzi."

Mwenyekiti akamtazama Asha. Asha akatazama mawingu, anavumisha. Mvua ikaanza kweli, ikapiga turubai. Mwenyekiti akavua koti lake akanifunika kichwani, akachuchumaa mbele yangu kama mtoto.

"Bibi yangu, nakuomba. Utalowa. Chai iko tayari, watu wote wanakungoja wewe. Tushuke."

"Sishuki mpaka Asha afute maneno ya mchuzi."